Upande wa Jicho Zima

Katika karakana ya seremala wangu, pale Usagara, ipo picha ya mfalme. Imetundikwa juu ya meza ya randa, mahali ambapo vumbi la mninga huifikia kila siku, na kila siku kabla ya kufunga, seremala huifuta kwa kitambaa kile kile anachofutia miwani. Mfalme ameketi kitini huku mguu mmoja ameukunja chini yake, kama mtu aliyezoea mkeka. Ana kilemba cha rangi ya samli na ndevu ndefu zilizokwisha kuwa nyeupe. Uso ameugeuza upande. Huoni macho mawili. Unaona moja tu, la kulia, likiangalia nje ya picha kana kwamba kuna mtu amebisha hodi.

Picha hiyo naijua tangu nikiwa mwalimu kijana, shule yetu ilipokuwa ikitengenezewa madawati pale. Leo nimestaafu na seremala naye ni mzee. Yeye huniita Mwalimu, mimi humwamkia shikamoo. Ni Singasinga, mzaliwa wa Tanga. Kwa msomaji ambaye hajawahi kuishi nao: ni watu wa dini iliyozaliwa Punjabi, upande wa kaskazini wa India ya zamani. Wanaume wao wengi hawakati nywele, huzifunga ndani ya kilemba, na mkononi huvaa bangili ya chuma. Babu yake seremala aliletwa na kazi ya reli. Baba yake alitengeneza milango ya nyumba za mashamba ya mkonge. Yeye hutengeneza vitanda vya maharusi, na Kiswahili chake ni cha Tanga kuliko changu, maana mimi nimeharibiwa na vitabu vya shule.

Historia ndiyo iliyokuwa somo langu. Wafalme niliowafundisha ni wengi, lakini huyu hakuwamo vitabuni mwetu, nami sikuwahi kuuliza. Nilikuja kuuliza mwaka juzi, siku niliyokwenda kuchukua kochi, nikiwa na wasiwasi mkubwa juu ya binti yangu. Basi ngoja nianze na binti, ndipo mfalme aeleweke.

Alipokuwa mdogo tulikuwa tukienda shambani kwa bibi yake, upande wa Muheza. Kule mpaka wa shamba hauwekwi uzio. Hupandwa mkonge mstari mmoja, na kila mtu anajua asivuke. Jani la mkonge huishia kwenye mwiba mweusi, mgumu kama sindano ya gunia. Mtoto alimkimbiza kuku, kuku akapita katikati ya majani, na yeye akapita. Jicho la kushoto lilipona kidonda, lakini nuru haikurudi. Kilichobaki ni utando mweupe, kama tui lililomwagika.

Kiswahili kina neno la wazi kwa hali hiyo: chongo. Nyumbani kwetu Chumbageni halikuwahi kutamkwa. Watu wa pwani tumelelewa hivyo. Kilema cha mtu hakitajwi mbele yake, wala nyuma yake, na kikilazimu kutajwa huitwa rehema ya Mungu. Sikumbuki hata siku moja tulipokaa tukakubaliana, lakini picha zote za mwanangu zimepigwa kutoka upande wa kulia. Sikukuu ikifika, watoto wakipangwa mstari mbele ya ukuta, shangazi mmoja angemshika kidevu kwa vidole viwili akamgeuza taratibu. Alipokua, vidole havikuhitajika tena. Akiona kamera, shingo ilizunguka yenyewe.

Yeye mwenyewe hakulichukulia jicho lake kama msiba. Alisomea maabara, akapata kazi katika kituo cha afya, kazi ya kupima damu za wenye homa. Siku ya kwanza alirudi akaniambia, "Mama, wenzangu hufinya jicho moja wakitazama hadubini. Mimi nimepunguziwa kazi."

Huko huko kazini ndiko alikompata mchumba, kijana wa Pemba, afisa mifugo, aliyekuwa akileta damu za ng'ombe na kukaa muda mrefu kuliko ng'ombe walivyohitaji. Kijana jicho amelikuta, analijua. Wasiwasi wangu ulikuwa kwao. Mama yake, aliye Pemba, aliomba picha ya binti kwa simu. Binti akatuma aliyo nayo, na aliyo nayo ni ya upande. Jibu likaja: mashallah. Posa ikaletwa, ikakubaliwa, na sasa mama mtu na mdogo wake wa kike walikuwa wanakuja na boti kutuona.

"Mwenzio amewaambia kwao?" nilimuuliza.

"Sikumuuliza."

"Basi muulize."

"Nikimuuliza atadhani nina wasiwasi."

"Huna?"

"Wewe ndiye unao, mama. Mimi nina zamu kesho."

Ninao, ndiyo, na nilikuwa na sababu. Kabla ya huyu alikuja mchumba mwingine, wa hapa hapa mjini. Wanawake wa upande wake walikunywa chai yetu vizuri, wakaaga vizuri, na baada ya siku chache mshenga wao akaleta neno moja: hatukuambiwa. Hawakusema wamemkataa kwa jicho. Walisema hatukuambiwa, kana kwamba tumewauzia maziwa yenye maji. Binti aliisikia kauli ile akiwa mlangoni. Hakulia. Alienda kufua, akafua mpaka nguo safi. Niliapa moyoni kwamba hataisikia mara ya pili, na sikujua nitaizuiaje. Nikitaja, nimevunja adabu na nimemvunjia mwanangu heshima. Nisipotaja, nimeficha.

Nilimwendea mshenga wetu, binamu ya marehemu mume wangu. Yeye hana shaka na jambo lolote.

"Kilema hakitajwi kabla ya chai," alisema.

"Na baada ya chai?"

"Baada ya chai watakuwa wameona wenyewe. Sasa utaje nini?"

Ndivyo nilivyofika karakana nikiwa sina nilichopata. Seremala alinipokea kwa miguu ya kochi, akiigonga ili nisikie ilivyoshika.

"Kochi tayari, Mwalimu. Lakini vanishi bado mbichi. Ukimkalisha mkwe leo, ataondoka nalo."

"Nitasubiri ikauke."

"Kaa basi. Usikae juu yake."

Nikakaa kwenye kigoda, uso wangu ukaelekea picha. Labda kwa sababu mawazo yangu yote yalikuwa kwenye picha za upande, kwa mara ya kwanza nikaona kitu nilichokuwa nikikitazama miaka yote.

"Mzee," nikamwambia, "huyu bwana kwa nini hatutazami?"

Akaacha msasa. "Lo. Nilidhani utastaafu hujauliza." Akavuta kigoda cha pili, akanisimulia. Nitasimulia kwa maneno yangu, kwa sababu ya kwake yalikatizwa mara nyingi na wateja waliotaka bei ya kabati.

Mfalme yule alizaliwa mtoto wa mkuu mdogo. Wakati huo Punjabi, nchi ya mito mitano, ilikuwa imegawanyika. Masingasinga walikuwa na vikosi vya wapanda farasi, kila kikosi na mkuu wake, na wakuu hao waligombana kama ndugu wanaogombea shamba la urithi. Akiwa mdogo ndui ilimpata ikamwachia makovu usoni, ikaondoka na jicho la kushoto. Baba yake akafa naye hajawa mtu mzima. Hata hivyo, kabla ndevu hazijajaa, alikuwa ameuchukua mji wa Lahori, na kuanzia hapo akawaunganisha wale wakuu mmoja mmoja: huyu kwa vita, yule kwa kuoa kwao, mwingine kwa maneno tu. Alitawala kiasi cha miaka arobaini.

Seremala alipenda zaidi mambo madogo. Kwamba sarafu za nchi hakuzitia jina lake, alizitia majina ya walimu wa dini yake. Kwamba alivaa nguo za kawaida na kuwaachia wengine mapambo. Kwamba jeshini mwake walikuwamo Masingasinga, Waislamu, Wahindu, na hata Wazungu waliokosa kazi vita vya kwao vilipokwisha, na kwamba waziri aliyemtegemea kuliko wote katika mambo ya nje alikuwa Muislamu. Hekalu lao kuu alilivika dhahabu, na sadaka zake zilifika misikitini pia.

"Na mabaya yake?" nikamuuliza. Ni mazoea ya ualimu. Mfalme asiye na mabaya hajasomwa vizuri.

"Yapo. Alikunywa sana. Alioa wengi. Vita, unajua mwenyewe, havimwachi mtu msafi. Na msikiti mkubwa wa Lahori askari wake waliufanya ghala, hilo nakwambia wewe kwa kuwa ni haki yako kulijua." Akapuliza vumbi kwenye magoti. "Na kubwa zaidi, hakuandaa mtu wa kumfuata. Alipokufa watu wake waliuana kugombea kiti, na haikupita miaka mingi Waingereza wakaichukua nchi, wakamchukua na mwanawe mdogo aliyekuwa mfalme, na almasi yao kubwa. Ndiyo maana babu yangu alikuja huku kupigilia reli za watu."

Kisha akafika kwenye jicho. Inasimuliwa kwamba mwandishi mmoja wa hati alitumia umri wake kunakili Msahafu kwa mkono, akautembeza akitafuta tajiri wa kuununua. Mfalme akaununua, naye si Muislamu. Walipomuuliza, alisema Mungu alitaka azitazame dini zote kwa jicho moja, ndiyo maana akaichukua nuru ya la pili. Na inasimuliwa kwamba mgeni wa Kizungu alimuuliza yule waziri Muislamu jicho bovu la mfalme ni la upande gani. Waziri akajibu kuwa uso wa bwana wake una nuru nyingi mno. Hajawahi kuthubutu kuutazama hata akajua.

Nilicheka. "Huyo waziri ni mtu wa pwani."

"Kabisa. Angezaliwa Chumbageni."

"Na picha?"

"Wachoraji ndio waliougeuza uso, Mwalimu. Wengi walimchora upande wa jicho zima, kwa heshima. Yeye alikuwa na kazi nyingine."

Mwanangu anamjua tangu utoto; meza ya kusomea alimtengenezea yeye. Lakini seremala naye ni mtu wa Tanga, na kilema hakitajwi. Akainuka, akaigusa vanishi kwa kidole, akasema bado.

Kochi lilifika jioni, wageni wakafika kesho yake asubuhi.

Mama wa kijana alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye sauti ya chini. Mdogo wake alikuwa mwembamba na sauti yake iliwatosha wote wawili. Tulisalimiana vizuri. Kisha binti akaingia na birika na beseni kuwanawisha mikono. Kwetu huo ndio wakati wa kumwona binti: anapiga magoti mbele yako, maji yanamiminika, uso wake uko karibu na wako. Mama wa kijana akaitazama mikono yake mwenyewe kama anayeogesha kichanga. Mdogo wake akatazama dari. Binti alipoinuka, hakuna aliyemfuata kwa macho.

"Pazia hili zuri," mdogo mtu akasema.

"Ni la zamani," nikasema.

"Zuri, ati. Halina doa."

Alilitazama pazia lile kama ambavyo hakuna mtu amewahi kulitazama pazia langu. Akaja binti na chai, wakasifu vikombe. Akaja na sahani za vitumbua, wakasifu feni. Nikajisemea: yamekwisha. Wameliona na wamekasirika, na kwa sababu ni watu wenye adabu wanasubiri boti. Mshenga wetu alikuwa anakula kitumbua cha tatu kwa amani kamili. Binti alisimama kando ya mlango, pale pale aliposimama ile siku nyingine, na nilijua anasikiliza neno lile lile.

Mama wa kijana akapapasa mkono wa kochi. "Na hili kochi, mwalimu, fundi wake nani?"

Mwalimu ambaye darasa limekataa kumtazama ana njia moja iliyobaki, nayo ni kusimulia hadithi. Nikawaambia fundi ni Singasinga wa Usagara, na karakana yake ina picha ya mfalme. Nikaanza na ndui. Nililitamka neno jicho, kisha nikatamka na chongo, waziwazi, mbele ya mwanangu, kwa mara ya kwanza katika nyumba ile. Mshenga akaacha kutafuna. Nikapita kwenye mito mitano, kwenye sarafu, kwenye Msahafu. Nikafika kwa yule waziri, jinsi alivyoulizwa na alivyojibu.

Mama wa kijana akaweka kikombe chini. Mabega yake yalianza kutikisika. Nilidhani analia, nikainuka nimfuate. Alikuwa anacheka, kile kicheko kisicho na sauti cha watu wanene, machozi yakimtoka.

"Mwalimu," akasema alipoweza, "sisi tumekuwa mawaziri humu ndani tangu asubuhi."

"Mie shingo yaniuma kwa hilo pazia," mdogo wake akasema.

Sikuelewa mara moja. Mama wa kijana akajipangusa kwa ncha ya mtandio, akanieleza polepole, na hapo mimi ndiye niliyekuwa mwanafunzi.

"Kijana wangu alinambia hata kabla hajanitajia jina la binti. Akasema, mama, nimempata mtu, ana chongo, na ndiye nimtakaye. Nikamjibu, wewe mwanangu, ukipenda, chongo utaita kengeza. Akasema, hapana, mama. Mimi naita chongo." Akajipangusa tena. "Nikasema, basi huyu amekua. Kisha ikaja picha, nayo ya upande. Nikajua kwao hawapendi litajwe. Ndipo nikamuonya huyu botini: atakayemtazama mtoto wa watu jichoni, atarudi Pemba kwa kuogelea."

"Nami sijui kuogelea," mdogo wake akasema.

Kwa hiyo wao walikuwa wanatusitiri sisi, na sisi tulikuwa tunajisitiri kwao, na katikati ya sitara hizo mbili alisimama msichana mzima na birika la maji, hakuna anayemtazama. Nimefikiri sana tangu siku ile, na bado sioni nani alikosea. Kila mmoja alifanya lile alilofunzwa kuwa ni jema. Tulilizidisha tu, kama chumvi inayotiwa na wapishi wawili wasioulizana.

Binti akasema kutoka mlangoni, "Basi nitazameni sasa, kabla vitumbua havijapoa."

Wakamtazama. Mama wa kijana akamwita, akamkalisha kwenye kochi katikati yao, akamtazama kwa utulivu, jicho zima na lisilo zima, kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. "Lilikuuma sana?" akamuuliza. Katika maisha yake yote hakuna mtu wa nje aliyewahi kumuuliza hivyo. Akajibu, "Sikumbuki kuumwa. Nakumbuka kuku alipona." Mimi nilikwenda jikoni kutafuta sukari iliyokuwa mezani.

Walipokaribia kuondoka, mdogo mtu akatoa simu ya kupiga picha. Binti akaketi sawa, na shingo yake, kwa mazoea, ikazunguka kushoto.

"Siko huko," mama wa kijana akasema. Akamshika kidevu kwa vidole viwili, taratibu, akamrudisha mbele. "Huku. Ya ukutani kwangu nataka mtu anayenitazama."

Baada ya harusi nilimpelekea seremala sahani yake. Kwetu sahani zinazokwenda na kurudi kati ya nyumba hizi mbili hazina nyama. Wenzetu walioshika kiapo cha dini hawali kilichochinjwa kwa ada yetu, nasi hatuli cha ada nyingine, kwa hiyo urafiki wote huu umejengwa kwa mboga. Nilimpikia kunde za nazi, na bamia. Nilimwonyesha picha kwenye simu. Alivaa miwani, akaivua, akaifuta kwa kile kitambaa, akaivaa tena. Alimtazama binti muda mrefu, kisha akainua macho kwa mfalme wake juu ya ukuta, ambaye bado alikuwa anaangalia mlango.

"Ingempendeza huyu," akasema. Sikujua anamaanisha nani angependezwa na nani, na sikuuliza.

Akafunua sahani, akanusa kunde, akaifunika tena.

"Na kochi, Mwalimu? Vanishi ilikauka kwa wakati?"

"Ilikauka, mzee," nikamwambia. "Lakini mkwe alinasa."